Ingegerd na Pingili za Almi

Kwenye nyumba ya wazee tulikofanya kazi, kila mfanyakazi mpya alipangwa kwanza na Ingegerd, ili ajifunze kuvumilia. Kwa miaka thelathini na nne alikuwa amewavisha soksi watu waliomtukana na kuwalisha watu waliomtemea. Kulikuwa na mzee mmoja, dereva mstaafu wa trekta, ambaye asubuhi moja alimrushia bakuli zima la uji. Ingegerd alijipangusa usoni, akalamba kidole, akasema, "Kweli, leo hawakutia chumvi," akaenda kuleta bakuli jingine. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na shuka mikononi, niliona kwa macho yangu. Ndiyo maana siku nilipomsikia akimjibu vibaya bibi wa watu kwa sababu ya siagi, nilijua kuna kitu kimempata.

Kilichompata kilikuwa mti.

Aliishi na kaka yake, Holger, katika nyumba ya wazazi wao kwenye mteremko wa kilima cha Kinnekulle, juu kidogo ya barabara ya kwenda ziwani. Holger alimzidi miaka saba na hakuwahi kuoa. Ingegerd aliolewa mjini Lidköping, ndoa ikadumu miaka minne, kisha akarudi nyumbani na sanduku moja na cherehani. Holger alihamisha viazi vya mbegu kutoka chumba cha utotoni cha dada yake, akamwambia, "Chumba chako hiki hapa. Kina baridi kidogo." Maneno ya kumpokea yakaishia hapo. Baada ya hapo waligawana kazi bila kukaa kikao: yeye jikoni, kufua, na kwenda kazini, Holger theluji, paa na kuni.

Hasa kuni. Kila Krismasi, wageni wakishashiba, Holger alisimulia jinsi almi, mti mkubwa wa langoni, ilivyoangushwa na dhoruba mwaka aliokufa mama yao, na jinsi alivyoichanja peke yake kwa wiki mbili mpaka kipande cha mwisho. Ingegerd wakati huo alikuwa bado mjini na mume wake, kwa hiyo naye aliisikia hadithi kama wageni. "Almi haitaki nguvu," Holger alikuwa akisema, huku akijipachika ugoro chini ya mdomo wa juu. "Inataka mtu anayeielewa."

Sasa almi ya pili, ile ya uani, ikaugua. Majani yalinyauka katikati ya Julai kana kwamba vuli imefika mapema, na mwaka uliofuata mti haukuchipua kabisa. Mtu wa halmashauri akaja, akabandua kipande cha gome kwa kisu, akawaonyesha vijia vya wadudu chini yake. Akasema mti ukatwe, na ikifika Mei pasiwe na kuni yoyote yenye gome hapo uani, maana ndipo mbawakawa wanapotoka na kurukia miti ya jirani. Kama wangependa, halmashauri ingekuja kubeba gogo lote bila malipo.

"Mti wa hapa unachomwa hapa," Holger alisema.

"Almi ni ngumu kuchanja, mzee."

"Kwako."

Novemba wakataji waliuangusha, wakaukata pingili sitini na tatu, wakaziacha zimetapakaa uani kama viti baada ya sherehe. Holger alipanga kuanza baada ya Mwaka Mpya. Lakini Januari hospitali ikapiga simu: zamu yake ya upasuaji wa nyonga imefika, na asipoenda atarudi mwisho wa foleni. Akaenda. Akarudi na nyonga ya chuma, magongo mawili, na karatasi iliyosema asiinue kitu, asijipinde, na asiguse shoka mpaka kiangazi.

"Basi ni wewe," alimwambia dada yake. "Nitakuelekeza."

Ingegerd hakuona tatizo. Alikuwa akichanja miti ya mbetula tangu ana miaka tisa, na mbetula, ukiupiga tu vizuri, unaachana wenyewe na vipande vinaruka huku na huku. Ni kazi inayofurahisha. Unatoa hasira za wiki nzima.

Jumamosi ya kwanza ya Machi alivaa buti, glavu na koti kuukuu la Holger. Alichagua pingili ndogo kuliko zote, akaisimamisha juu ya kigogo cha kuchanjia, akainua shoka, akalishusha kwa nguvu. Almi ilitoa mlio mfupi, mzito, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo, na shoka likabaki humo humo. Alilivuta, halikutoka. Akaikanyaga pingili kwa mguu mmoja, akavuta kwa mikono miwili. Pingili ikainuka pamoja na shoka, ikajizungusha, ikamwangukia kwenye vidole vya mguu.

Dirisha la jikoni likagongwa mara tatu.

Holger alikuwa ameketi pale dirishani, mto chini ya nyonga, akigonga kioo kwa kitako cha gongo. Akafungua kidirisha cha juu.

"Unaipiga katikati," alisema.

"Nimeona."

"Almi haipigwi katikati. Huo ni uji wa moto. Anza pembeni, uzunguke, upunguze kidogo kidogo."

"Shoka limenasa, Holger. Kwanza nilitoe."

"Lisingenasa ungeanza pembeni."

Alilitoa kwa kuligonga mpini juu na chini kwa nyundo, kazi ya robo saa. Halafu akaanza pembeni, kama alivyoambiwa. Na kweli, pigo la nne likafungua ufa wa upana wa kidole. Ingegerd akainama kuchungulia. Ndani ya ufa, kutoka ukuta hadi ukuta, kulikuwa na nyuzi nene za mti, zimepita huku na huku kama mshono wa gunia. Akaingiza vidole, akavuta. Hazikukatika. Alipiga tena, ufa ukapanuka, nyuzi zikanyooka, bado zimeshika. Ikabidi achukue kishoka kidogo na kuzikata moja moja, kama mtu anayechuna ngozi ya mnyama. Kufikia chakula cha mchana pingili ile moja ilikuwa imekuwa vipande vitano, na vipande vyenyewe vilionekana kama vimetafunwa na ng'ombe vikatemwa.

Dirisha lilikuwa limegongwa mara kumi na moja. Aliniambia alihesabu.

"Moja," Holger alisema mezani, akipakua viazi. "Kwa mwanzo si mbaya."

"Zimebaki sitini na mbili."

"Mimi ningemaliza kumi kabla ya kahawa. Lakini wewe bado hujaielewa."

Ndivyo Machi ilivyokwenda. Akitoka zamu ya asubuhi saa tisa, alifika nyumbani, alivaa koti lile, akachanja mpaka giza linapoingia. Holger hakukosa neno. Kwanza tatizo lilikuwa shoka, halina makali. Akalinoa. Kisha likawa lina makali mno, ndiyo maana linazama, alihitaji lile butu la baba yao. Akalitafuta bandani, akalipata, mpini ukavunjika siku ya pili. Kisha tatizo likawa hali ya hewa.

"Ngoja baridi," alimwambia. "Ikiganda inapasuka kama kioo. Siku zote nilikuwa nangoja baridi."

Akangoja baridi. Ilikuja katikati ya mwezi, digrii tisa chini ya sifuri, asubuhi isiyo na upepo. Ingegerd aliamka saa kumi na moja ili achanje kabla ya kwenda kazini. Pigo la kwanza lilimrudia mpaka kwenye meno. Shoka lilidunda kana kwamba amepiga tairi la lori, likampita sikioni. La pili vilevile. La tatu lilinasa, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimeganda, halikutoka mpaka Jumamosi.

Akanunua kabari mbili za chuma. Alipigilia ya kwanza kwa nyundo kubwa, ikazama mpaka kichwa bila ufa kufunguka. Akapigilia ya pili kando yake ili kuikomboa ya kwanza, nayo ikazama. Alisimama akiitazama pingili ile, ambayo sasa ilikuwa na chuma kingi kuliko alichokuwa nacho yeye bandani, na dirisha likagongwa.

"Kabari unaweka kufuata ufa, siyo kukatiza," Holger alisema.

"Hakuna ufa."

"Upo. Uutafute."

"Holger, mimi nina macho mawili na niko hapa. Wewe uko ndani. Hakuna ufa."

"Usikasirike, mtoto. Almi inajua mtu akikasirika."

Ingegerd hakuwa mtu wa kujibu. Lakini alianza kuota almi. Bega la kulia likavimba kiasi kwamba kazini alikuwa akiwainua wagonjwa kwa kutegemea upande mmoja, na mimi nikawa nashika upande wa pili bila yeye kuniomba. Mwisho wa Machi alikuwa amemaliza pingili sita.

Siku ya siagi ilikuwa Jumanne, wiki ya pili ya Aprili. Bibi Elvira alikuwa na miaka tisini na mmoja, mwalimu wa zamani wa ushonaji, mtu mpole lakini asiyeweza kumwona mtu akifanya kitu bila kumrekebisha. Ingegerd alikuwa akimpakia mkate.

"Siagi ifike pembeni, mwanangu," Bibi Elvira alisema. "Hapo katikati imejaa. Anza pembeni. Siyo hivyo. Zungusha kisu. Nimesema anza pembeni."

Ingegerd alikiweka kisu mezani mbele yake.

"Basi paka mwenyewe," alisema. "Kama unajua sana, paka mwenyewe, uone."

Bibi Elvira alikitazama kile kisu. Kwa miaka mitano hakuwa ameweza kushika hata kijiko.

Nilimkuta Ingegerd kwenye chumba cha mashuka, ameketi juu ya kikapu cha nguo chafu, glavu za plastiki bado mkononi.

"Umenisikia," alisema.

"Nimekusikia."

"Sijawahi. Hata siku moja."

"Najua, mwenzangu. Kuna nini?"

Ndipo akanieleza yote, pingili na dirisha na kabari, kwa sauti ya chini, bila kulia. Nilimwambia amwite Ruben, jirani yao wa bondeni, mwenye mashine ya kupasulia kuni inayofungwa nyuma ya trekta. Akatikisa kichwa. Alikwishamtajia Holger jambo hilo, na Holger alimwambia kwamba mashine ni ya watu wasioijua kazi, na kwamba katika nyumba ile almi haijawahi kuwashinda. Nikamuuliza, "Na wewe unasemaje?" Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza swali kwa lugha ngeni. Halafu aliinuka, akarudi kwa Bibi Elvira, akapiga magoti, akamwomba radhi, akampakia mkate upya mpaka pembeni kabisa.

Jumamosi iliyofuata aliamua kuishi na pingili moja pungufu. Ile yenye kabari mbili. Ilikuwa imetoka kwenye njia panda ya mti, pale shina lilipogawanyika, na alikuwa amekwishaipiga kwa wiki nne. Alingoja mpaka Holger aende kulala saa saba mchana, akaipakia kwenye toroli, akaisukuma nyuma ya banda, kupita ukuta wa mawe, mpaka kwenye machimbo ya zamani ambako babu yao alikuwa akichimba mawe ya ngazi. Siku hizi ni shimo tu lenye upupu na maji kidogo chini. Nia yake ilikuwa kuitumbukiza, kurudi, na kusema zimebaki hamsini na tatu. Nani angehesabu?

Akaitumbukiza. Ilibingirika, ikagonga kitu, ikasimama. Mlio ule haukuwa wa jiwe.

Ingegerd alishuka taratibu akishika matawi. Upupu wa mwaka ulikuwa bado mfupi, na chini yake, zimefunikwa na kuvu na majani yaliyooza, kulikuwa na pingili. Pingili za zamani, nene, zimerundikana. Alifuta kuvu kwa glavu kwenye moja. Uso wake ulikuwa umejaa makovu ya shoka, mistari kwa mistari, pembeni na katikati, ya mtu aliyepiga kwa siku nyingi na kwa hasira. Akafuta nyingine, nayo vilevile. Ya tatu ilikuwa na kabari imezama mpaka kichwa, imekula kutu, nyekundu kama tofali.

Alikaa juu ya moja kwa muda. Aliniambia hakuwaza kitu. Alisikia korongo wakipita juu kuelekea ziwani, na baridi ya mti ikimpenya suruali.

Aliporudi Holger alikuwa ameamka, yuko kwenye kiti chake. Ingegerd aliingia jikoni na buti zake zenye matope, jambo ambalo halijawahi kufanyika katika nyumba ile.

"Matope hayo," Holger alisema.

"Nimetoka machimboni."

Holger alihamisha ugoro wake kwa ulimi kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Umeziona ngapi?" akauliza.

"Ishirini na mbili. Sikumaliza kuhesabu."

"Ziko thelathini na moja."

Ingegerd alivua glavu, akaziweka mezani, juu ya kitambaa.

"Kila Krismasi," alisema. "Mpaka kipande cha mwisho. Unaielewa. Wiki sita umenigongea dirisha, Holger. Wiki sita unaniambia tatizo ni mimi."

"Sikusema tatizo ni wewe."

"Ulisema sijaielewa. Wewe ulielewa nini? Ulielewa njia ya kwenda shimoni."

Holger alitazama nje. Aliposema tena hakuwa na ile sauti ya kidirishani.

"Baba alikuwa akikaa hapa," alisema. "Mgongo ulikuwa umeshamharibikia mwaka ule. Alikuwa akigonga kwa pete. Tak, tak, tak. Ikafika mahali nikiona pazia limetikisika tu, mikono inaisha nguvu. Nikawa nazipeleka kule wakati wa usingizi wake wa mchana."

"Na ukaona vizuri na mimi nigongewe."

"Sikufikiri hivyo."

"Hukufikiri."

"Nilidhani labda wewe utaweza," Holger alisema. "Nilidhani pengine ni mimi tu niliyeshindwa."

Ingegerd aliniambia kwamba angekuwa mtu mwema angemhurumia hapo hapo. Hakumhurumia. Alikuwa na bega lililovimba na kucha moja nyeusi ya mguu. Alikwenda nyuma ya kiti, akakishika mgongoni pamoja na mtu wake, akakiburuta sakafuni mpaka kwenye dirisha la upande wa pili, linalotazama barabara. Kisha akachukua simu, akampigia Ruben mbele yake.

Ruben alikuja Jumamosi iliyofuata na trekta na mashine. Alikuwa mwanamume mnene, mcheshi, mwenye kofia ya chama cha wakulima ambayo sijawahi kumwona bila kuivaa. Aliitazama almi, akapiga mluzi.

"Mlisubiri nini siku zote hizi?" alimuuliza.

"Tulikuwa tunaielewa," Ingegerd alisema.

Mashine ilikuwa na nguvu ya tani kumi na mbili. Walilaza pingili ya kwanza, Ruben akavuta mkono wa mashine, chuma kikasukuma. Mti ulilia. Ulilia kwa sauti nyembamba, ndefu, ukaanza kufunguka, na nyuzi zikatokea, zikavutika, zikavutika zaidi, mpaka chuma kikafika mwisho wa safari yake na vipande viwili vikabaki vimeshikana kama mapacha. Ruben akazima mashine.

"Huu si mti," alisema. "Hii ni kamba iliyovaa gome."

Wakapata utaratibu: yeye anasukuma, Ingegerd anakata nyuzi kwa kishoka. Ilikuwa kazi chafu, ya polepole, lakini ilikwenda. Kumi na tatu kabla ya chakula. Ingegerd alianza kupiga hesabu kichwani, akaona wanaweza kumaliza kabla ya Mei, akajiruhusu kufurahi kidogo. Ya kumi na nne ilikuwa na fundo. Chuma kikasukuma, fundo likagoma, kikasukuma, na bomba la mafuta likapasuka kwa mlio kama bunduki. Mafuta yakaruka kwenye ukuta wa banda, kwenye kofia ya Ruben, kwenye matambara ya kufutia, hadi kwenye shuka alizoanika Ingegerd.

Ruben alitoa kofia, akaikagua, akaivaa tena.

"Bomba hili wanaagiza," alisema kwa unyonge. "Wiki mbili. Labda tatu, kukiwa na sikukuu."

Ilikuwa tarehe ishirini na moja Aprili. Ingegerd alikaa chini pale pale, kwenye vumbi la mbao, akatukana. Ruben aliniambia baadaye kwamba alidhani anamjua jirani yake, mpaka siku ile; baadhi ya matusi yale yeye mwenyewe alikuwa hajayasikia tangu jeshini. Alitukana almi, akatukana mashine, akamtukana mtu wa halmashauri, baba yake marehemu, na kiti. Halafu akainuka, akamshukuru Ruben kwa kuja, akampa kahawa.

Jumatatu wakati wa mapumziko alimpigia simu mtu wa halmashauri kuomba aongezewe siku. Nilikuwa nimekaa mkabala naye.

"Hatujamaliza kuchanja," alimwambia. "Zimebaki kama arobaini. Tunaomba mpaka Juni."

Nilimwona akisikiliza. Nilimwona uso ukibadilika.

"Hapana," akasema. "Hapana, hakuna aliyetuambia tuchanje. Ndiyo. Gome. Ndiyo, nimeelewa. Asante."

Akaiweka simu mezani taratibu mno.

"Ni gome tu," alisema. "Anasema nikiziambua gome, hata zikikaa miaka mia hakuna wa kuniuliza. Anasema alituambia hivyo tangu siku ya kwanza." Akafikiri. "Na kweli alituambia. Nilikuwepo. Holger ndiye aliyesema gome litatoka tu tukichanja, ni kazi moja."

"Na gome la almi linatoka?"

"Sijui. Sijajaribu."

Jioni ile alichukua koleo la bustani, akalichomeka chini ya gome la pingili iliyokuwa karibu. Mti ulikuwa umekufa muda mrefu na wadudu walikuwa wamekwishafanya kazi yao. Gome lilitoka lote kwa mkupuo mmoja, kama koti la mtu anayeingia ndani. Akaenda kwenye ya pili. Ya tatu. Chini yake mti ulikuwa laini, wa rangi ya asali, umechorwa vijia vya wadudu kama maandishi. Alisema hapo ndipo alipokaribia kulia, kuliko siku nyingine zote, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Alipokuwa kwenye ya kumi alisikia mlango. Holger alikuwa ameshuka ngazi kwa magongo, polepole, akiwa na kisu cha jikoni mfukoni. Alikuja, akajishusha juu ya pingili moja, akavuta nyingine karibu kwa gongo, akaanza kuambua. Ingegerd aliendelea. Walifanya kazi hivyo jioni mbili. Mara moja tu Holger alifungua kinywa.

"Ukianzia upande wenye—" alisema.

Ingegerd alisimamisha koleo, akamtazama. Holger akarudi kwenye pingili yake.

Magome walimpa Ruben, akayabeba kwa trekta mpaka kwenye moto wa Valborg, ule unaowashwa kila mwaka mkesha wa Mei. Jua lilikuwa bado halijazama vizuri wanakwaya walipoanza nyimbo zao za majira ya kuchipua, meno yakigongana kwa baridi, na magome yalishika moto haraka kuliko kitu chochote pale. Ingegerd alisimama karibu nami na kikombe cha karatasi. Nilimuuliza kama sasa amepumzika.

"Sina hasira na mti tena," alisema. Baada ya kunywa akaongeza, "Na Holger bado ninayo kidogo. Nitaimaliza taratibu."

Bomba lilikuja Juni. Ruben alirudi Jumamosi tatu, wakazimaliza zilizobaki. Kazi ya kukata nyuzi alipewa Holger, aliyekwisharuhusiwa na daktari, na aliifanya bila maneno. Za machimboni hazikuguswa. Kuni zile waliziwasha baridi ya mwaka wa pili: zinawaka polepole, mwali mdogo, lakini asubuhi unakuta makaa. Ingegerd alisema ni kuni nzuri, na kwamba hatachanja nyingine maisha yake yote.

Jambo moja tu jingine alinisimulia kuhusu mwaka ule. Ilikuwa Jumamosi ya Septemba, amelala mpaka saa tatu, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu aolewe. Aliposhuka, Holger alikuwa amesimama kwenye jiko, amechemsha kahawa. Katika miaka yote hiyo hakuwa amewahi. Alimwekea kikombe mezani, akabaki amesimama, anangoja.

Ingegerd alionja.

"Nyepesi," alisema.

"Nilifuata karatasi ya pakiti."

"Ni nyepesi, Holger. Kesho tia vijiko viwili zaidi."

"Sawa," Holger alisema, akaketi.